Boti ya Kasi Ina Gia Moja tu: Namna ya Kuichagulia Propela

Mtu anayenunua boti ya kasi huuliza maswali mengi kabla hajatoa fedha. Mashine ni ya HP ngapi, inakula lita ngapi kwa saa, faiba imetengenezwa wapi, tangi linabeba kiasi gani. Kuhusu propela hasemi neno. Anaichukua ileile aliyoikuta imefungwa, na siku ikigonga mwamba ikapinda anatafuta nyingine yoyote inayoingia kwenye shafti, anakaza nati na safari inaendelea. Kisha miezi inapita akilalamika kwamba mashine haina nguvu, mafuta yanakwisha haraka na boti inachelewa kupanda juu ya maji. Fundi anaitwa, anafungua mashine, anabadilisha plagi ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Makala haya nayaandika kwa ajili ya mnunuzi huyo na nahodha wake. Hoja yangu ni moja: propela inayofaa ni ile inayoiacha mashine ifikie mizunguko iliyopangwa na mtengenezaji wake, boti ikiwa na mzigo inaoubeba siku zote. Aina ya metali, idadi ya mapanga na ile kasi ya juu kabisa ambayo watu hupenda kutambiana bandarini, vyote vinafuata nyuma ya jambo hilo.

Gari lina gia tano au sita. Likifika mlimani dereva anashusha gia, likifika tambarare anapandisha, na injini inabaki kwenye mizunguko inayoipenda. Boti ina gia ya mbele, ya nyuma na fri, basi. Ndani ya mguu wa mashine kuna meno yanayopunguza mizunguko kwa uwiano mmoja usiobadilika, na baada ya hapo gia iliyobaki ni propela yenyewe. Gia hiyo moja ndiyo inayotakiwa kuing'oa boti gatini, kuipandisha juu ya maji ikiwa na abiria kumi, kupambana na mawimbi ya Kusi, na tena kukimbia bahari ikiwa shwari na boti tupu. Hakuna propela inayofanya yote hayo kwa ubora uleule. Anayechagua anaamua ni kazi ipi aipe kipaumbele na ipi akubali kuipunguzia.

Ukiikagua propela kwenye kitovu au ubavuni mwake utakuta namba mbili zimegongwa, kwa mfano 14½ × 21. Zote ni inchi. Ya kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara linalochorwa na ncha za mapanga zinapozunguka. Ya pili ni pichi, na hii ndiyo yenye mambo. Pichi ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu kisichoteleza. Propela ya pichi 21 ingesonga inchi 21, ya pichi 17 ingesonga inchi 17. Kipenyo mnunuzi hana uhuru nacho sana, kwa kuwa mtengenezaji amekwisha kukilinganisha na nguvu ya mashine, mizunguko ya shafti na nafasi iliyopo chini ya bamba la juu ya propela. Kwenye pichi ndiko anakochagua.

Hesabu yake ni rahisi na inafaa kila nahodha aijue. Chukua mashine yenye uwiano wa gia wa 1.75 kwa 1, inayozunguka mara 6,000 kwa dakika, yaani RPM 6,000. Gawanya 6,000 kwa 1.75 na utapata mizunguko ya shafti ya propela, karibu 3,429. Zidisha kwa pichi ya inchi 21. Jibu ni inchi 72,000 kwa dakika, ambazo ni sawa na kilomita 110 kwa saa, au noti 59. Hiyo ni kasi ya kwenye karatasi. Boti ikiingia baharini GPS inaonyesha noti 53. Noti sita zilizopotea, karibu asilimia 10, ndizo zinazoitwa mtelezo. Anayetaka njia ya mkato azidishe RPM kwa pichi, agawanye kwa uwiano wa gia, kisha agawanye tena kwa 1,215. Jibu litakuwa noti za kwenye karatasi.

Wengi wakisikia mtelezo wanadhani ni hasara tupu inayopaswa kuondolewa. Sivyo. Panga la propela linasukuma maji kwa sababu linayakata kwa pembe fulani, na pembe hiyo ndiyo inayozaa msukumo. Mtelezo ukiwa sifuri, msukumo nao unakuwa umekwisha. Boti nyepesi ya kasi iliyofungwa mashine vizuri huwa na mtelezo wa asilimia 10 hadi 15 ikiwa mbio. Boti nzito yenye abiria na mizigo inaweza kufika 20 au zaidi, na hilo si ugonjwa. Ukipiga hesabu ukapata mtelezo wa asilimia 2, au ukapata kwamba boti inakwenda kasi kuliko karatasi, usishangilie. Huenda geji ya RPM inasema uongo, au uwiano wa gia ulioambiwa si wenyewe, au propela iliwahi kupinda ikanyooshwa na pichi yake ya leo si ile iliyogongwa kiwandani.

Sasa tufike kwenye kiini. Kila mashine ya kupachika ina kipimo cha mizunguko inayopaswa kufikia mkono wa mafuta ukisukumwa hadi mwisho, na kimeandikwa kwenye kitabu chake. Kwa mashine nyingi kubwa za stroku nne kimewekwa kati ya 5,000 na 6,000. Kipimo hiki ni sharti la afya ya mashine. Propela ikiwa na pichi kubwa mno, mashine inaishia 4,600 huku mkono wa mafuta umefika mwisho. Silinda zinapokea mchanganyiko mwingi wa hewa na petroli lakini pistoni zinatembea polepole chini ya mzigo mzito. Joto na mgandamizo vinapanda, petroli inaanza kulipuka kabla ya wakati wake, na pistoni zinaumia. Nahodha haoni moshi wala hasikii mlio wa kutisha. Anaona tu kwamba boti ni nzito. Mashine inayokufa kwa njia hii hufa kimya, na ndiyo maana nasisitiza jambo hili kuliko mengine yote. Mtu anaweza kuipoteza mashine ya mamilioni ya shilingi kwa sababu ya inchi nne za pichi.

Pichi ikiwa ndogo mno, kosa linakuwa upande wa pili. Mashine inavuka 6,000, inagonga kizuizi cha mizunguko na kuanza kukatakata. Boti inaondoka vizuri sana na kubeba mzigo bila shida, lakini mwendo wa juu haupo, na katika safari ndefu mashine inazunguka zaidi kuliko inavyohitaji. Kosa hili linavumilika zaidi kuliko lile la kwanza, maana nahodha analisikia na anaweza kurudisha mkono wa mafuta nyuma kidogo.

Kanuni ya kurekebisha ni kwamba inchi moja ya pichi hubadilisha kati ya mizunguko 150 na 200. Ukipunguza pichi RPM inapanda, ukiiongeza RPM inashuka. Propela nyingi za mashine kubwa zinauzwa kwa hatua ya inchi mbili mbili, 17, 19, 21, 23, hivyo hatua moja ni kama mizunguko 300 hadi 400.

Tuchukue boti ya mfano, ya faiba, futi 25, mashine moja ya HP 250 yenye uwiano wa 1.75, ambayo asubuhi inapeleka watalii kwenye kisiwa na jioni inarudi tupu. Namba hizi ni za hesabu tu, lakini ni za aina inayokutwa baharini. Ikiwa na nahodha na msaidizi wake, propela ya 21 inaipa RPM 5,700 na noti 49. Mwenye boti anafurahi. Wakipanda watu kumi na masanduku yao, propela hiyohiyo inashusha mashine hadi 5,050, mtelezo unafika asilimia 20, na kasi ni noti 40. Bado iko ndani ya kipimo, lakini imekaa ukingoni; ongeza mwani kidogo kwenye mkuku au tangi lililojaa, na imetoka nje. Isitoshe, omo linabaki juu kwa muda mrefu kabla boti haijapanda, na wakati huo wote nahodha haoni mbele yake vizuri.

Ifungie propela ya 19. Tupu, mashine inafika 6,000 na boti inakwenda noti 47. Imepoteza noti mbili. Ikiwa na watu kumi inafika 5,450, na kasi ni noti 40 zilezile, kwa kuwa mtelezo umeshuka hadi asilimia 17. Hapa ndipo watu wengi wanaposhangaa: chini ya mzigo, pichi ndogo haikupunguza mwendo hata kidogo. Mashine inapumua, boti inapanda mapema, na inaweza kubaki juu ya maji hata nahodha akipunguza mwendo kwenye mawimbi. Mimi ningefunga 19 bila kusita. Anayefunga 21 kwa ajili ya noti mbili za jioni, boti ikiwa haina mtu, anailipia kila asubuhi.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa maziwa wanapaswa kulijua. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, na mashine isiyo na turbo wala supachaja hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Mashine iliyokuwa ikitoa HP 250 Mombasa, ikifika Kisumu, Mwanza au Entebbe inatoa kama HP 222. Kwa kuwa nguvu inayotakiwa kuzungusha propela hupanda kwa kasi kubwa kadiri mizunguko inavyoongezeka, upungufu huo wa asilimia 11 haukati mizunguko kwa asilimia 11. Unakata kama asilimia 4, yaani zaidi ya 200. Boti iliyofungwa propela sawasawa pwani itakuwa imefungwa kubwa ziwani. Hatua moja ya pichi chini inatosha kuirekebisha. Kwenye Ziwa Kivu, lililo karibu mita 1,460, tofauti ni kubwa zaidi, na hakuna fundi anayeweza kuiponya kwa kusafisha pampu ya petroli.

Hadi hapa tumezungumza kama vile maji hayachoki. Kwenye mwendo mkubwa yanachoka, na aliyelijua hilo kwa gharama ni Charles Parsons, Mwingereza aliyevumbua tabo ya mvuke. Mwaka 1894 alitengeneza boti ya majaribio iliyoitwa Turbinia, yenye urefu wa zaidi ya mita 31, ili kuonyesha kwamba tabo yake inafaa kwenye meli. Nguvu ilikuwapo tele. Mizunguko ilikuwapo tele. Boti haikufika hata noti 20. Propela moja ndogo ilikuwa ikizunguka haraka kiasi kwamba nyuma ya mapanga yake mgandamizo ulishuka hadi maji yakachemka yakiwa baridi, yakawa mapovu ya mvuke, na propela ikawa inazunguka ndani ya uwazi badala ya kushika maji. Hali hiyo inaitwa kavitesheni. Parsons hakubahatisha. Mwaka 1895 alitengeneza chombo kidogo chenye dirisha la kioo ili aone kwa macho yake propela ikifanya mapovu, na chombo hicho ndicho babu wa mitambo yote ya kupima propela inayotumika leo. Jibu alilolipata lilikuwa kuigawa kazi: shafti tatu badala ya moja, na kila shafti propela tatu, jumla tisa. Mwaka 1897, katika gwaride la majini la miaka 60 ya utawala wa Malkia Victoria huko Spithead, Turbinia ilipita mbele ya manowari kwa zaidi ya noti 34 na hakuna chombo kilichoweza kuifuata. Boti yenyewe bado ipo, imehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho mjini Newcastle.

Funzo la Parsons kwa mwenye boti ni kuhusu eneo la mapanga. Nguvu kubwa ikipitishwa kwenye eneo dogo, maji yanachemka. Hapa ndipo panga la nne linapopata maana. Propela ya mapanga manne ina eneo kubwa zaidi, inashika maji vizuri zaidi, inatetema kidogo, inaipandisha boti mapema na kuishikilia juu ya maji kwenye mwendo mdogo. Inapoteza noti moja au mbili kwenye kasi ya juu, kwa sababu panga la ziada nalo linasuguana na maji, na kwa kawaida inatakiwa ishushwe pichi kidogo ukilinganisha na ile ya matatu. Kwenye mkondo wa Zanzibar wakati wa Kusi, boti inapopanda na kushuka mawimbi na propela inakaribia kutoka majini kila mara, tofauti inaonekana waziwazi. Naamini boti nyingi za abiria za pwani yetu zingefaa kufungwa mapanga manne, na ni chache nilizoziona nazo.

Kavitesheni huchanganywa mara nyingi na tatizo jingine, propela kuvuta hewa. Ukikata kona kali na ghafla mashine inapiga kelele, RPM inaruka na boti inapoteza msukumo, hiyo kwa kawaida ni hewa ya juu ya maji, au moshi wa mashine yenyewe, imenyonywa kwenye mapanga. Kavitesheni huacha alama: mashimo madogo madogo kwenye uso wa panga, kama rangi imeliwa na metali kuchimbwa. Hewa haiachi alama. Dawa ya hewa mara nyingi haiko dukani, iko kwenye ubao wa tezi. Mashine imefungwa juu mno au trimu, yaani pembe ya mguu wa mashine, imeinuliwa kupita kiasi. Bamba lililo juu ya propela likae karibu sawa na chini ya mkuku. Ukilipandisha inchi moja au mbili mwendo unaongezeka kwa sababu mguu wa mashine unaoburuta majini umepungua, lakini unapaswa kuangalia geji ya mgandamizo wa maji ya kupoza. Ikishuka, umezidisha.

Watengenezaji wamebuni njia mbili za kuisaidia propela ishike maji mashine ikiwa imeinuliwa. Ya kwanza ni mwinamo: mapanga yanalazwa nyuma kidogo badala ya kusimama wima kutoka kwenye kitovu. Mwinamo mkubwa huinua omo, na omo likiinuka faiba inayogusa maji inapungua na boti inakwenda kasi. Kwa boti nyepesi za mwendo mkubwa hilo ni jema. Kwa boti ambayo tayari inadundadunda, mwinamo mkubwa unaongeza tatizo. Njia ya pili ni kukunja kidogo ukingo wa nyuma wa panga. Kikunjo hicho, ambacho hakionekani mpaka ukipapase kwa kidole, huzuia maji yasitawanyike mapema, na athari yake ni kama kuongeza pichi nusu inchi hadi inchi nzima. Kwa hiyo propela mbili zenye namba zilezile, moja ina kikunjo na nyingine haina, hazitatoa RPM sawa. Namba zilizogongwa zinakufikisha karibu. Majaribio yanakufikisha penyewe.

Wakati fulani wabunifu waliacha kupigana na hewa wakaikaribisha. Mwaka 1950 kwenye Ziwa Washington, Seattle, boti iitwayo Slo-mo-shun IV ilivunja rekodi ya dunia ya mwendo wa majini kwa kilomita 258 kwa saa. Rekodi iliyokuwapo, ya Malcolm Campbell tangu 1939, ilikuwa kilomita 228. Siri yake ilikuwa kwamba ikiwa mbio ilielea kiasi kwamba nusu ya propela ilizunguka majini na nusu hewani. Shafti, kitovu na vishikio vyote vilitoka kwenye maji, na msuguano wao ukaondoka. Boti za mashindano ya bahari kuu za leo zinafuata kanuni hiyohiyo, na propela zake zina mapanga yenye ukingo wa nyuma mnene uliokatwa wima, ili hewa iingie nyuma ya panga kwa mpangilio na mapovu ya mvuke yasipate nafasi. Ni kazi nzuri ya akili ya binadamu. Lakini propela hizo kwenye mwendo mdogo zinashika maji vibaya sana, kurudi nyuma nazo ni taabu, na kwenye boti ya abiria hazina kazi. Anayekuuzia moja kwa sababu imeng'aa, mwambie akaitafutie boti ya mashindano.

Kuhusu metali sitakaa sana. Stenlesi ni imara mara kadhaa kuliko alumini, hivyo mapanga yake yanaweza kutengenezwa membamba, na hayapindi chini ya nguvu kubwa. Alumini chini ya mashine ya HP 200 au zaidi hujikunja kidogo kila unaposukuma mafuta, na pichi inapotea wakati unapoihitaji. Kwa boti ya kasi kwenye maji marefu, stenlesi inalipa. Kwenye maji mafupi hesabu inabadilika. Anayepita njia ya Mkanda kule Lamu maji yakiwa yametoka, au anayefikisha wageni kwenye mafungu ya mchanga na miamba ya matumbawe, atagusa chini siku moja. Alumini ikigonga inapinda au kukatika na kuumeza mshtuko. Stenlesi inaweza kuupeleka kwenye shafti na meno ya gia. Ni kweli kwamba kitovu kina bushi ya mpira inayotakiwa kuachia kabla ya gia kuumia, lakini sipendi kuweka mguu mzima wa mashine rehani kwa bushi.

Bushi hiyo ina ugonjwa wake unaofanana kabisa na propela isiyofaa. Mpira ukiachia, mashine inazunguka na propela inabaki nyuma, RPM inapanda bila boti kuongeza mwendo. Kabla hujatoa fedha ya propela mpya, chora mstari mmoja wa rangi ulionyooka kutoka kwenye kitovu cha ndani kupita mpira hadi kwenye propela. Nenda kakimbie, rudi, tazama. Mstari ukiwa umevunjika, tatizo ni mpira. Na ukiwa umeifungua propela, angalia nyuma yake kama hakuna mshipi wa kuvulia uliojizungusha kwenye shafti. Nailoni hiyo hukata sili, maji yanaingia kwenye oili ya gia, na oili ikitoka nyeupe-nyeupe ujue meno yako hatarini.

Majaribio yenyewe yanahitaji asubuhi moja na daftari. Safisha mkuku kwanza, maana mwani na vikombe vya baharini vitaharibu kila namba utakayoandika. Pakia mzigo wa kawaida, na kama huna abiria weka madumu ya maji yenye uzito huo. Chagua maji mafu badala ya bamvua, ili mkondo usikudanganye, na bado kimbia kwenda na kurudi kisha uchukue wastani wa GPS. Andika RPM ya juu kabisa trimu ikiwa imepangwa vizuri, kasi yake, na sekunde zinazotumika kutoka kusimama hadi boti kulala sawa juu ya maji. Andika pia mizunguko midogo kabisa ambayo boti bado inabaki juu. Rudia boti ikiwa nyepesi. Kamba ya kuzimia mashine iwe imefungwa mkononi au mguuni mwa nahodha muda wote, kwa sababu propela inayozunguka haina huruma kwa aliyeanguka majini.

Propela iliyopinda isinyooshwe kwa nyundo juu ya jiwe. Mapanga yote yanapaswa kuwa na pichi moja. Yakitofautiana boti inatetema, na mtetemo huo unakula beringi na sili kidogo kidogo. Mikwaruzo midogo ya ukingoni unaweza kuisafisha kwa tupa. Panga lililokatika na kuchomelewa na mtu asiye na kipimo cha pichi ni la kukufikisha nyumbani, halifai kazi ya kila siku.

Ukienda dukani, nenda na namba hizi umeziandika: RPM ya juu ukiwa na mzigo, kasi yake kwa GPS, uwiano wa gia, na kipenyo na pichi vya propela uliyonayo. Muuzaji anayekupa jibu bila kukuuliza namba hizo, muage kwa heshima utafute mwingine. Omba uijaribu propela kabla ya kuilipia, au angalau upate ahadi ya kuibadilisha ikiwa haina mkwaruzo. Na ile ya zamani, ikiwa bado nzima, usiiuze: ifunge pamoja na nati, washa, pini na spana yake, uiweke ndani ya boti kabla ya safari inayofuata.